Maji ya boila: maabara ya nje imepata P pungufu kwa 70, lakini M ni ileile. Kosa liko wapi?

mvuke_bar10

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua kemia ya maji ya boila.

Boila yetu ni ya mirija ya moto, presha ya kazi bar 10, na maji ni ya kisima kirefu huku Bonde la Ufa. Yanapita softena (mtambo wa kulainisha maji) kwanza. Baada ya softena ugumu ni chini ya 2 mg/L, P ni 0 na M ni 280 (P ni alkaliniti, yaani alkali inayomalizwa na asidi, mpaka waridi ya fenolfthaleini itoweke; M ni jumla yake mpaka methili oranji igeuke; namba zote za alkaliniti nazitaja kwa mg/L kama CaCO3). Kondenseti (mvuke uliopoa kuwa maji) inayorudi ni kama nusu. Dawa tunazotia ni salfaiti na fosfeti, na mabaki ya kila moja tunayashikilia karibu 40 mg/L.

Juzi nilichukua sampuli kupitia kipoza sampuli nikapima hapo hapo. Sampuli mL 50 bila kuzimua (bila kuongeza maji), asidi ya salfuriki N 0.02 (N ni nomaliti, kipimo cha nguvu ya asidi), kwanza fenolfthaleini, kisha methili oranji. Rangi ya waridi ilitoweka bureti ikisoma mL 24.0, na manjano ikageuka machungwa kwenye mL 28.0. Kwa hiyo P 480, M 560, na haidroksaidi (2P − M) ni 400. Chupa nyingine ya plastiki ya nusu lita nikaijaza maji yaleyale hadi mdomoni, nikaifunga, ikapelekwa maabara ya nje. Kesho yake wakaleta P 410, M 560, haidroksaidi 260. Kwenye ripoti wameandika "sampuli mL 10, imezimuliwa hadi mL 100 kwa maji yaliyokenekwa, H2SO4 N 0.02".

Aliyetuuzia dawa anataka haidroksaidi iwe kati ya 300 na 500. Kwa 260 yao tunatakiwa kuongeza kostiki soda, kwa 400 yangu hatuongezi kitu. Nani yuko sahihi?

La pili: kwenye kipimo cha P, rangi ikishatoweka hurudi baada ya kama nusu dakika, hafifu. Nisome ile ya kwanza, au niendelee kudondosha mpaka isirudi?

---

Bureti

Mkuu, kwanza nikupe pole ya bure, maana hesabu zako ni sahihi. Kwa sampuli ya mL 50 na asidi N 0.02, kila mL ya asidi ni 20 mg/L, hivyo 24.0 ni 480 na 28.0 ni 560. Kwa mL 10 za maabara, kila mL ni 100 mg/L. Maana yake wao walisoma mL 4.1 na mL 5.6. Kama wangepata sawa na wewe, P yao ingekuwa mL 4.8. Mnabishania mL 0.7 ya asidi.

Tazama pia ni namba ipi imesogea. Asidi yao ingekuwa na nguvu isiyo sahihi, P na M zote zingesogea kwa uwiano uleule. Pipeti ingekuwa mbovu, vivyo hivyo. Hapa M imesimama palepale na P peke yake imeshuka. Kinachofanya hivyo ni CO2. Ikiingia kwenye maji yenye haidroksaidi hugeuza haidroksaidi kuwa kaboneti. Jumla ya alkali haipungui, ndiyo maana M haishtuki, ila sehemu inayohesabiwa kabla ya pH 8.3, pale waridi inapotoweka, inapungua.

Piga hesabu ya mgawanyo uone. Kwako P ni zaidi ya nusu ya M, kwa hiyo haidroksaidi ni 2P − M = 400 na kaboneti ni 2(M − P) = 160. Kwao haidroksaidi ni 260 na kaboneti ni 300. Haidroksaidi imeshuka 140, kaboneti imepanda 140 kamili. Hiyo ni alama ya kidole ya CO2. Na ona jinsi kosa la 70 kwenye P linavyokuwa 140 kwenye haidroksaidi, kwa sababu P inazidishwa mara mbili.

Mimi naishuku chupa. Maji ya boila yakikaa usiku kucha yanavuta CO2 ya hewani. Amini kipimo kilichofanywa papo hapo.

---

maji_na_mizani

Nakubaliana na @Bureti kwamba ni CO2, ila kuhusu chupa namba zinakataa.

Kushusha P kwa 70 mg/L kunataka milimoli 1.4 za CO2 kwa kila lita ya sampuli, yaani karibu mg 62. Chupa ya nusu lita ingehitaji mg 31. Tuseme hata haikujazwa, nusu yake ni hewa: robo lita ya hewa ina CO2 kama mg 0.2 tu, wakati robo lita ya maji ingehitaji mg 15. Chupa iliyofungwa haina pa kuitoa. Ingebidi isimame wazi muda mrefu au ipulizwe hewa.

Kuna ushahidi mwingine wa kuitetea chupa. Una salfaiti 40 mg/L. Hiyo salfaiti inakula asidi kati ya pH 8.3 na 4.5, na inachangia 25 kwenye M. Hewa ingeingia ya kutosha, oksijeni ingeigeuza salfeti, na M ingeshuka kuelekea 535. Haikushuka. Ulijaza na kufunga vizuri.

Sasa rudi kwenye ile mL 0.7. Asidi N 0.02 mL 0.7 ni milimoli 0.014. Kwenye ile flaski ya maabara kulikuwa na mL 10 za maji yako na mL 90 za maji yao yaliyokenekwa. Ukigawa milimoli 0.014 kwa mL 90 unapata CO2 takriban 6.8 mg/L ndani ya maji ya kuzimulia. Maji ya namna hiyo yana pH ya karibu 5.1, kitu cha kawaida kabisa kwa maji yaliyokenekwa. Tena kama mtambo wao wa kukeneka unalishwa maji ya huko kwenu yenye baikaboneti nyingi, ndiyo zaidi: baikaboneti inavunjika kwenye moto, CO2 inapanda na mvuke na kuyeyuka tena kwenye maji yanayotoka upande wa pili. Hicho hicho ndicho kinachotokea ndani ya boila yako na kwenye mabomba yako ya kondenseti.

Kwa hiyo nashuku maji ya kuzimulia. Ni rahisi kuthibitisha. Pima mL 90 za maji yao kwenye flaski koni, tia matone 3 ya fenolfthaleini, dondosha kostiki soda N 0.02 mpaka waridi hafifu idumu sekunde 30. Ikila karibu mL 0.7, umemkamata mkosaji. Kisha chemsha maji hayohayo dakika 15, yafunike yapoe bila kutikiswa, urudie. Yanatakiwa kugeuka kwa tone moja au mawili. Hiyo kostiki yenyewe itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa na ihifadhiwe kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, la sivyo nayo itakuwa imekula CO2.

Kwa alkaliniti ya 560 hakuna sababu ya kuzimua hata kidogo. Sampuli mL 50 inakula mL 28, bureti ya mL 50 inatosha na nafasi inabaki. Ikizidi 1000, punguza sampuli iwe mL 25 na uipime ilivyo, badala ya kuiongezea maji. Maelekezo ya Standard Methods (kitabu cha mbinu za kupima maji) kuhusu alkaliniti ni hayohayo: usichuje, usizimue, usikoleze sampuli. Zaidi ya CO2, kuna suala la tone. Tone moja la bureti ni kama mL 0.05. Kwenye sampuli ya mL 50 hilo ni 1 mg/L. Kwenye mL 10 ni 5 mg/L, na haidroksaidi inaweza kuyumba 10 au zaidi kwa tone moja tu.

---

mvuke_bar10

Asanteni sana. Maabara wamekuwa waungwana, wamenipa lita 1 ya maji yao. Leo asubuhi nimefanya kama mlivyoelekeza.

pH ya maji yao: 5.1. Jaribio tupu (maji yao peke yake, bila sampuli) la mL 90: limekula kostiki N 0.02 mL 0.65. Baada ya kuchemsha dakika 15 na kupoza yamefunikwa: tone moja, waridi.

Kisha sampuli mpya ya boila kwa njia tatu. Bila kuzimua, mL 50: P mL 24.2, M mL 28.2. Sampuli mL 10 na maji yao mL 90: P mL 4.2, M mL 5.65. Sampuli mL 10 na maji yaleyale yaliyochemshwa: P mL 4.85, M mL 5.65.

Kwa hiyo kostiki hatuongezi. Nimewarudishia maabara namba hizi. Bado swali la waridi inayorudi.

---

Kioo Safi

Hongera, umelifanyia kazi vizuri. Nijibu hilo la waridi.

Rangi inayorudi pole pole kwenye maji ya boila mara nyingi inatokana na tope. Maji hayo yana chembe za kalisi kaboneti, kalisi fosfeti na magnesi haidroksaidi zinazoelea. Asidi inamaliza kwanza alkali iliyoyeyuka, pH inashuka chini ya 8.3, halafu chembe zinaanza kuyeyuka na kuirudisha juu. Ukiifuata rangi mpaka isirudi tena, utakuwa unapima tope pamoja na maji. Unachotaka kujua ni alkali iliyoyeyuka, kwa hiyo soma kutoweka kwa kwanza kunakodumu kama sekunde 10 huku unazungusha flaski.

Bora zaidi, ondoa tope kabla. Acha sampuli itulie kwenye chupa iliyojaa na kufungwa mpaka ipoe hadi nyuzi 25, kisha nyonya maji meupe ya juu kwa pipeti bila kuigusa chini. Kuchuja kwa pampu ya kuvuta hewa nakukataza kwa kipimo cha P, maana unapitisha hewa kwenye maji ya kostiki, na salfaiti nayo inaungua. Hapa mnaona mgongano na lile la "usichuje" la hapo juu: kwa maji ya kisima, ambako chembe ni chache, liache kama lilivyo, kwa boila yenye tope, kutuliza ndiyo njia ya kati.

Kipoza sampuli kisiruke hata siku moja. Maji ya bar 10 yakifunguliwa moja kwa moja kwenye kikombe, sehemu yake inalipuka kuwa mvuke na yanayobaki yanakolea. Kwa presha hiyo kama asilimia 16 hivi inaondoka, na P na M zote zinapanda kwa uwiano. Acha maji yatiririke dakika kadhaa kwanza ili bomba lijisafishe.

Fenolfthaleini yenyewe ichunguze. Ni myeyusho wa spiriti, na ikikaa inaweza kuwa na uasidi kidogo unaokula sehemu ya P. Ukishaitengeneza, itie N 0.02 ya kostiki tone kwa tone mpaka ianze kuonyesha waridi ya mbali sana, ndipo uitumie. Matone 3 yanatosha kwa mL 50. Ukimimina nyingi, maji yanaweza kuwa na ukungu.

Methili oranji ndiyo inayonipa mashaka zaidi kwenye viwanda, hasa zamu ya usiku. Kutoka manjano hadi machungwa chini ya taa yenye mwanga wa manjano, watu wawili watasoma tofauti kwa mL nzima. Mchanganyiko wa bromokresoli kijani na methili nyekundu ni rahisi kwa jicho: bluu-kijani juu ya pH 5.2, kijivu chenye zambarau kwenye 5.0, waridi-kijivu kwenye 4.8, waridi nyepesi kwenye 4.6. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski. Kama maji yana rangi ya tanini ya dawa, achana na viashiria vyote, tumia mita ya pH iliyosawazishwa kwa bafa za 4, 7 na 10, usimame kwenye 8.3 na 4.5. Hiyo 4.5 ndiyo inayotumika kwa maji ya viwandani yenye fosfeti na silika. Kwa maji safi ya asili kikomo hubadilika kulingana na wingi wa alkali, 4.9 kwa alkaliniti ya 30, 4.6 kwa 150, 4.3 kwa 500.

Unapokaribia kikomo cha pili zungusha flaski vizuri lakini usiitikise kwa fujo. Hapo CO2 inatoka kwenye maji, na ukidondosha haraka pH ya pale tone linapoangukia inadanganya.

Neno moja juu ya maji ya softena: kama kuna mahali mnatia klorini, tone moja la sodiamu thiosalfeti N 0.1 litangulie kabla ya kiashiria. Klorini inaunguza methili oranji na utasubiri rangi isiyokuja.

---

Bureti

@maji_na_mizani umenirekebisha vizuri, nimejifunza kupiga hesabu ya hewa kabla ya kuisingizia chupa.

Niongeze asidi, kwa sababu haijaguswa. N 0.02 ikikaa kwenye bureti wazi au chupa isiyofungwa, maji yanapungua na asidi inakolea, matokeo yako yote yanashuka bila wewe kujua. Isawazishe walau kila mwezi. Kausha sodiamu kaboneti safi kwenye nyuzi 250 saa 4, ipoe ndani ya desiketa (chombo kikavu kilichofungwa), pima karibu g 2.5 na uandike uzito kamili, yeyusha iwe lita 1. Chukua mL 15 za hiyo, ongeza maji kama mL 60, dondosha asidi mpaka pH karibu 5, inua elektrodi na uisuuze ndani ya bika, chemsha taratibu dakika 3 hadi 5 ukiwa umefunika kwa kioo cha saa, poza, suuza kioo ndani ya bika, malizia. Asidi ikiwa N 0.02 sawasawa na kaboneti ikiwa g 2.65, utatumia mL 37.5. Isipokuwa hivyo, N ya kweli ni gramu za kaboneti kwa lita, mara mL zake ulizochukua, gawanya kwa 53 mara mL za asidi.

Kuitengeneza: mL 2.8 za asidi kali kwenye lita 1 hukupa karibu N 0.1, kisha mL 200 za hiyo uzifikishe lita 1. Asidi iingie kwenye maji, kamwe maji yasiingie kwenye asidi. Na kabla ya kila kipimo angalia ncha ya bureti: kipovu kimoja cha hewa kikitoka katikati ya kipimo kinaondoka na mL 0.2 au zaidi.

---

maji_na_mizani

@mvuke_bar10, kwa kuwa maji yako ni ya Bonde la Ufa, kuna jambo kubwa kuliko hayo yote: 2P − M si haidroksaidi tupu. Hesabu ile inadhani maji yana haidroksaidi, kaboneti na baikaboneti peke yake, na ya kwako yana wageni.

Salfaiti 40 mg/L inaongeza 25 kwenye M bila kugusa P, hivyo inaifanya haidroksaidi ionekane pungufu kwa 25. Fosfeti 40 mg/L nayo inakula asidi ya thamani ya 21 kati ya vikomo viwili. Silika inavuta upande wa pili. Katika pH ya boila silika iko kama silikati, na karibu yote inapokea asidi kabla ya 8.3, hivyo inaingia kwenye P na M kwa kiasi kilekile na kujionyesha kama haidroksaidi. Silika ya 100 mg/L inaweza kujionyesha kama haidroksaidi ya 83. Maji ya miamba ya volkano yana silika ya kutosha, kwa hiyo pima silika ya boila kabla hujaiamini hiyo 400.

Kuna sababu ya pili ya kuipima. Kanuni inayotumika sana kwa boila za mirija ya moto ni kwamba silika isizidi 0.4 ya haidroksaidi, ili ibaki imeyeyuka isigande kuwa gamba gumu la kioo. Kwa haidroksaidi 400 kikomo ni 160. Kwa 260 kingekuwa 104.

Ukitaka haidroksaidi bila kaboneti na salfaiti, tumia bariamu kloridi. Sampuli mL 50, myeyusho wa bariamu kloridi wa asilimia 10 kiasi cha mL 10 (uwe umeshausawazisha kwa fenolfthaleini), subiri dakika 2 mashapo meupe yatokee, kisha dondosha asidi kwa fenolfthaleini bila kuchuja. Polepole, huku unazungusha muda wote: asidi ikirundikana sehemu moja inayeyusha bariamu kaboneti na unarudi kulekule.

Kuhusu M ya 280 baada ya softena, hiyo si hitilafu. Softena inabadilisha kalisi na magnesi kwa sodiamu. Baikaboneti inapita kama ilivyokuja. Ndani ya boila inavunjika kuwa kaboneti, halafu kostiki, na kutoa hadi mg 0.88 za CO2 kwa kila mg 1 ya alkaliniti. Kostiki unayoihitaji inajitengeneza yenyewe kutoka kisimani. Ndiyo maana ile kostiki ya ziada ingekuletea povu na maji kuruka na mvuke, na ungelazimika kuongeza blodauni (kumwaga sehemu ya maji ya boila) kuyaondoa. Ushauri wangu, pima pH ya kondenseti inayorudi. Ikiwa chini ya 8, CO2 hiyo inakula mabomba, na hapo fikiria mtambo wa kuondoa alkali kabla ya boila.

---

mvuke_bar10

Nimefanya ya bariamu mara mbili: mL 21.1 na 21.1. Ni 422, na 2P − M ya sampuli hiyo ilikuwa 404. Nadhani tofauti ni ile salfaiti, leo mabaki yake yalikuwa 32.

Silika imetoka 118. pH ya kondenseti 6.4.

---

maji_na_mizani

Salfaiti 32 ni 20, na wewe umepata 18. Imekaa.

Silika 118 iko chini ya kikomo, lakini karibu 98 ya haidroksaidi yako ni silikati. Hivyo kostiki huru ni kama 320, bado ndani ya 300 hadi 500. Kipimo cha kuangalia sasa ni kondenseti. Hiyo 6.4 ipime tena kwa maji yaliyopoa ndani ya chupa iliyojaa, na utafute chuma ndani yake. Mkianza kutia dawa ya amini (ya kupunguza uasidi wa kondenseti) kwenye mvuke, kumbuka amini nayo inahesabika kwenye M, kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe mliyoanza.

Na maji ya bariamu usiyamwage kwenye sinki, ni sumu. Tia sodiamu salfeti mpaka mashapo yasiongezeke, yatulie, mwaga maji ya juu, mashapo yabaki kwenye chombo cha taka za kemikali.